Mtihani wa Soksi

Mama yangu hajawahi kuumwa. Muulize mwenyewe. Mwaka ule alipoanguka kwenye ngazi akichuma matofaa, alivunjika mkono, akaingia ndani, akateleka birika kwa mkono uliobaki, na nilipofika akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia, "Mama, huo mkono umepinda." Akautazama kana kwamba ni wa jirani. "Si mbaya," akasema. Marehemu baba alikuwa na usemi wake, kwamba siku Moira atakapokiri anaumwa tusihangaike na daktari, tumwite kasisi moja kwa moja.

Huku kusini mwa nchi yetu ndivyo tulivyo. Ukimwuliza mtu hali, hajambo, hata kama nyuma yake nyumba inaungua. Ila Mama ndiye mwenyekiti wa chama.

Sasa ikaja nyonga. Ile ya kushoto ilikuwa imesagika, daktari aliiona kwenye picha akaguna. Hospitali ikampigia simu aende akawekewe ya bandia. Watu wanaingoja foleni hiyo hadi wanakata tamaa. Mama akawajibu kwamba hajambo, wampe mwenye shida zaidi. Wakapiga tena baada ya miezi, akawajibu vilevile. Nilipokuja kugundua, nilipandwa na hasira hata chakula kikanishinda.

"Kwanza Waikaroro," aliniambia. "Nyonga baadaye."

Waikaroro ni njia ya miguu, inakatiza msitu na kupanda mlima, na usiku unalala kwenye vibanda vya mbao. Mama na Baba waliipita wakati wa fungate yao. Baba alipofariki, Mama aliapa kuipita tena mara moja kabla miguu haijamkana. Tatizo ni vitanda. Ni vichache, na nafasi za kiangazi kizima hufunguliwa asubuhi moja tu ya baridi kali, mwezi wa sita, kwenye mtandao. Nchi nzima inakaa mbele ya kompyuta na simu, na vitanda vya Desemba vinakwisha kabla chai haijapoa. Kila mwaka Mama alijaribu, na kila mwaka alikosa.

Na mtunzaji wa nafasi hizo ni mimi, binti yake.

Si mimi peke yangu. Ofisi yetu iko Dunedin, juu ya duka la baiskeli, na tuko wawili kwenye zamu, mimi na Tavita. Nilipoajiriwa pale Mama aliniita mezani akaninyooshea kijiko.

"Ailsa, usithubutu kunipitisha mlango wa nyuma. Nitapanga foleni kama watu wengine."

"Sijasema kitu, Mama."

"Nimekuona ukifikiri."

Nieleze kazi yetu kidogo, maana bila hivyo hutacheka panapochekesha. Kanzidata ya nafasi haikai kwenye kompyuta moja. Zipo seva tano, zote zina kumbukumbu zilezile, ili moja ikifa nyingine zishike kazi. Tumezipa majina ya ndege wetu: Kea, Tui, Ruru, Pukeko na Weka. Mbele yao yupo Mgawaji, programu inayopokea maombi ya watu na kuyagawa. Sheria yake ni ya haki kabisa, kila ombi jipya linakwenda kwa seva yenye foleni fupi kuliko zote. Na kila baada ya sekunde kadhaa Mgawaji anazijulia hali. "Hujambo?" anauliza. Seva inajibu, "Sijambo." Isiyojibu inatolewa kwenye kazi, mzigo wake wanagawana wenzake. Salamu hiyo tuliikuta, na hakuna aliyewahi kuihoji.

Asubuhi ya kufungua nafasi kulikuwa na umande ulioganda barabarani. Tavita aliingia na shati lake la maua, la mikono mifupi, kana kwamba yuko kwao Apia kwenye joto. Mkononi alibeba sinia la mikate ya jibini iliyoviringishwa na kuokwa, maana kwetu siku hiyo chakula ni cha lazima.

"Dada," akasema, "leo ni kula na kutazama rangi ya kijani tu."

"Usiseme hivyo. Unaita balaa."

"Balaa gani? Tazama ubao wa seva. Kijani, kijani, kijani, kijani, kijani. Hata bustani ya mama'ko haina kijani hiki."

Saa tatu na nusu tukafungua. Maombi yakaja kama mvua ya mawe juu ya bati. Mwanzoni mambo yalikuwa shwari, vitanda vinachukuliwa, Tavita anatafuna. Kwenye skrini tulikuwa na mistari ya kuonyesha kila seva inajibu maombi mangapi na kwa haraka gani. Baada ya muda mstari wa Weka ukaanza kupanda. Ukawapita wenzake wote.

"Ona Weka!" Tavita alipiga meza. "Ona kijana wangu! Wenzake wanajikokota, yeye anajibu kabla hajamaliza kuulizwa!"

"Amekula nini?"

"Huyu ni wa kupandishwa cheo."

Mimi nami nikafurahi, kwa nini nisifurahi? Kisha simu zikaanza. Mtu wa Nelson, katupwa nje. Mtu wa Timaru, kachagua kitanda, skrini ikamwomba samahani na kumwambia ajaribu tena. Kajaribu tena, kaombwa samahani tena. Halafu akapiga bosi wetu, Mereana, ambaye siku hiyo alikuwa Wellington mbele ya wazee wenye njia ya Waikaroro, akiwaonyesha jinsi mtambo wetu ulivyo imara.

"Ailsa, niko kwenye chumba chenye watu kumi na wawili na kila mmoja ameshika simu inayosema samahani. Kuna nini huko?"

"Bosi, seva zote hazijambo."

"Hazijambo vipi?"

"Zimeulizwa, zimejibu. Ubao wote ni kijani."

"Basi rangi ya ubao wenu waambie hawa wazee, maana mimi nimeishiwa maneno," akasema, akakata.

Tukaanza kuhangaika. Tavita akadhani ni mtandao wa nje. Mimi nikadhani ni wahuni wanaotuma maombi ya uongo. Tukapekua huku na kule, mikate ikapoa, na kila aliyetupwa nje alikuwa akibonyeza tena na tena, mara tano, mara kumi, kwa hiyo maombi yakazidi kuongezeka badala ya kupungua. Weka akazidi kupaa. Tavita hakumsifu tena lakini bado alimtazama kwa fahari kidogo, nilimwona.

Simu yangu ya mkononi ikalia. Mama. Mama hajawahi kunipigia nikiwa kazini, hata siku aliyovunjika mkono alisubiri nitoke. Nikapokea.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nauliza tu kama mmekatiwa umeme."

"Umeme upo. Tuna tatizo, tunalishughulikia."

"Kila nikifika kwenye kitanda natupwa nje. Noeline naye hivyo hivyo, na amekuja na simu mbili." Noeline ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ana sauti ya mnadani. "Sikulaumu. Nilitaka ujue tu."

"Nimejua, Mama. Wewe lakini hujambo?"

"Sijambo kabisa."

"Mwongo huyo!" Sauti ya Noeline ilinifikia kama amesimama begani pangu. "Muulize nani kamvisha soksi leo!"

"Noeline, kunywa chai yako," alisema Mama.

"Sinywi! Ailsa, unanisikia? Mama'ko hawezi kuvaa soksi ya kushoto tangu Pasaka! Kila asubuhi navuka ukuta namvisha kama mtoto wa chekechea, halafu anawaambia watu hajambo. Usimwulize hali! Mpe soksi avae, uone!"

Mama akasema kwamba soksi za siku hizi zinabana. Akakata simu haraka kuliko kawaida yake.

Nilibaki nimeishika simu. Kwanza niliumia. Tangu Pasaka, na mimi nakwenda pale kila Jumapili, nauliza "hujambo", napewa jibu, nakula, narudi kwangu. Kisha macho yangu yakaenda kwenye ubao wa kijani.

"Tavita," nikasema. "Hizi seva tunaziuliza nini?"

"Kama hazijambo."

"Na Weka akisema hajambo, amefanya nini kuthibitisha?"

"Amejibu. Si kajibu?"

"Hata Mama amejibu. Zipe soksi."

"Zipe nini?"

"Zipe kazi! Kila moja iandike mstari mmoja, mdogo tu, halafu iusome iliouandika, iturudishie. Tusiulize hali. Tuone inavaa au haivai."

Tavita si mtu wa kuambiwa mara mbili. Vidole vikakimbia. Kea akaandika, akasoma, akarudisha. Tui vilevile. Ruru alichelewa kidogo kwa uchovu lakini akarudisha. Pukeko pia. Weka akajibu upesi kuliko wote, na jibu lake lilikuwa moja: siwezi. Diski yake ilikuwa imejifunga tangu muda mfupi baada ya kufungua. Haandiki, hasomi. Kila mtu aliyefika kwake alimfukuza palepale.

Tukatazamana. Tavita ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza.

"Ndiyo maana ana kasi! Hafanyi kitu!"

"Na kwa kuwa hafanyi kitu, hana foleni."

"Na kwa kuwa hana foleni, Mgawaji anamletea watu wote!" Alijipiga paji la uso. "Sheria ya haki, dada! Tumemwelekezea nchi nzima mgonjwa mmoja, kisa anasema hajambo!"

"Na wewe ulikuwa unampandisha cheo."

"Nimemshusha. Toka, toka, mwizi wa mchana we!"

Tukamwondoa Weka. Mara ile samahani zikakoma. Mistari minne ikapanda taratibu, kwa shida, kama watu wanaofanya kazi kweli. Nilitaka mtihani wa soksi ubaki hapohapo kwenye Mgawaji, lakini Tavita akanishika mkono.

"Polepole. Ukizipa soksi kila sekunde hazitapata nafasi ya kufanya kazi yenyewe. Na leo wamechoka. Akikosea Ruru mara moja, ukamtoa, mzigo wake unawaangukia watatu. Nao wanakosea. Nao unawatoa. Utabaki na Mgawaji peke yake anajisalimia."

Alisema kweli. Tukaweka soksi moja kila baada ya muda, seva isitolewe mpaka imeshindwa mara tatu mfululizo, na kamwe zisitolewe zaidi ya mbili kwa pamoja hata zikilia. Mereana akapiga. Sikumwambia tena kwamba hazijambo. Nilimwambia nne zinafanya kazi na moja ni mgonjwa, na yeye akasema hilo ndilo alilokuwa akitaka kulisikia tangu asubuhi.

Ndipo Tavita akashusha sauti. Pale kwenye skrini vitanda vya Desemba vilikuwa vikiyeyuka, na wote tulikuwa tunavitazama.

"Dada. Mama'ko yuko kwenye foleni huko, katupwa nje kwa kosa letu. Niseme nisiseme?"

"Usiseme."

"Mistari miwili tu. Nimwandikie Desemba, hakuna atakayejua."

Nisidanganye, nilitaka. Niliiona ile fungate ya mwaka sitini na kitu, picha yao ya kijivu iliyo juu ya jokofu, Baba na kofia yake ya sufu. Nilijua tarehe ambayo Mama angeichagua, bila kuuliza. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kibodi.

"Waliotupwa nje ni wengi," nikasema hatimaye. "Wote wana mama zao. Na wa kwangu akijua atanikana, na atajua. Ananionaga nikifikiri."

Tavita akaurudisha mkono wangu pembeni na kuuwekea mkate wa jibini. Nikautafuna bila kusikia ladha. Dakika chache baadaye Desemba ilikwisha, kisha Januari. Niliumia sana, na sioni haya kusema.

Jioni nilipitia kwa Mama. Noeline alikuwa ameshakwenda kwake. Mama alikuwa jikoni, ameketi, birika tayari, uso umekunjamana.

"Hiyo mashine yenu imeninyima Desemba," akasema.

"Najua, Mama. Pole."

"Nilipoingia vilikuwa vimebaki vya Aprili tu, wiki ya mwisho. Baridi itakuwa imeanza. Nimechukua viwili." Akanimiminia chai. "Kimoja chako. Mtu lazima abebe mzigo."

Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kugombana naye. Nikachagua kugombana. Nilikwenda chumbani, nikafungua droo, nikarudi na soksi ya sufu, ile ya kijani aliyoifuma mwenyewe. Nikaiweka mezani karibu na kikombe.

"Vaa," nikasema.

"Nimeshavaa."

"Vua hiyo aliyokuvisha Noeline, uvae hii. Mguu wa kushoto."

"Ailsa, sijambo."

"Sijauliza."

Alinitazama kwa jicho lililowahi kumnyamazisha hadi mwalimu mkuu. Mimi nilikuwa nimetazamwa na bosi siku nzima, jicho halikunitisha. Akavuta pumzi. Akavua, akaishika soksi kwa mikono miwili, akainama. Vidole vilifika gotini. Akajaribu kuuleta mguu juu, ukakataa. Akajaribu kuirusha soksi kama mtu anayevua samaki kwa kamba, nikacheka bila kutaka, naye akacheka. Kisha kicheko chake kikakatika, akabaki ameinama hivyo hivyo, na nikaona jasho kwenye nywele zake, ilhali jikoni kulikuwa na baridi.

"Siwezi," Mama akasema. "Nisaidie."

Miaka yote ya maisha yangu sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nilipiga magoti sakafuni nikamvisha ile soksi. Nilichukua muda mrefu kuliko unaohitajika, maana sikutaka aone uso wangu.

"Desemba ungepanda mlima na mguu huu?" nikauliza nikiwa bado chini.

"Ningepanda."

"Mama."

"Ningeanza kupanda," akasema. "Kutoka sasa hadi Aprili ni miezi mingapi?"

"Inatosha, wakikuita mapema. Lakini daktari akikuuliza hali..."

"Nitamwambia anipe soksi."

Na alimwambia hivyo kweli, daktari akamwita muuguzi aje asikie. Walimwekea nyonga mpya mwezi wa saba, na Noeline akawatangazia mtaa mzima. Weka naye alirudi kazini na diski mpya. Hatukumtwisha mzigo siku ya kwanza, tulimpa maombi machache, tukamwongeza kila alipovaa soksi vizuri. Mama tulimfanyia vilevile: kwanza hadi sanduku la barua, halafu hadi kwa Noeline kwa kupitia getini badala ya ukutani, mwishowe kilima cha nyuma ya kanisa, akilalamika kwamba namtembeza kama mbwa mzee.

Aprili tukaenda. Tulipofika kibanda cha pili, jua lilikuwa bado lipo na visubi walikuwa wanatula bila huruma. Mama alitua fimbo zake, akaketi kwenye ngazi ya mlangoni, akavua buti na soksi zilizolowa. Akaitoa ile ya kijani. Akauinua mguu wa kushoto taratibu hadi juu ya goti la kulia, akaivuta soksi vidoleni, kisiginoni, mpaka juu, akaikunja ukingo wake vizuri. Waliokuwepo pale walikuwa wanachemsha tambi zao, hawakujua wanatazama nini. Mimi nililia waziwazi, nikawasingizia visubi.

"Na wewe?" Mama aliniuliza bila kugeuka. "Umechechemea tangu kule darajani."

"Sijambo. Buti mpya tu."

Akafungua begi lake, akanitupia jozi ya soksi kavu, ikanipiga kifuani.

"Vaa nikuone."

Niliinama nikalishika buti. Kisigino kilikuwa kimeota lengelenge la ukubwa wa yai, na buti halikusogea hata kidogo. Nikamtazama Mama, alikuwa ameshaanza kucheka.

"Siwezi, Mama," nikasema. "Nisaidie."